Las Vegas kuanzia Septemba hadi Novemba: hali ya hewa na mambo ya kufungasha

Wengi hufungasha begi wakiliwazia joto tu. Kinachowasumbua wakifika ni tofauti: ya mchana na usiku, ya barabarani na ndani ya hoteli, ya mjini na milimani. Haya ndiyo maswali yanayojirudia. Joto limetajwa kwa selsiasi, na saa ni za Kiswahili, kwa hiyo saa 11 jioni ndiyo inayoandikwa 5:00 PM kwenye tiketi za huko.

## Hali ya hewa yenyewe

Majira ya kupukutika majani Las Vegas ni ya joto au ya baridi?

Inategemea mwezi, tena kwa kiasi kikubwa. Mji uko katika Jangwa la Mojave, jimbo la Nevada, kwenye mwinuko wa takriban mita 610. Mchana wa Septemba joto hufika wastani wa nyuzi 35 hivi na usiku hushuka hadi kama 22. Oktoba ni 27 mchana na 14 au 15 usiku. Novemba ni 19 mchana na 8 usiku.

Wastani wa mwezi nao huficha mengi, kwa sababu joto hushuka haraka ndani ya mwezi huohuo. Wiki ya kwanza ya Septemba bado ni kiangazi kamili, na nyuzi 40 si ajabu. Wiki ya mwisho ya Novemba mchana huwa kwenye 16 au 17, na asubuhi unahitaji jaketi la maana. Anayesafiri tarehe 3 Oktoba na anayesafiri tarehe 30 Oktoba hawafungashi begi moja, ingawa kalenda inawaweka mwezi mmoja.

Mbona joto hushuka sana usiku?

Hewa ni kavu na anga mara nyingi halina mawingu. Mvuke wa maji na mawingu ndivyo hurudisha chini sehemu ya joto linalotoka ardhini. Vikikosekana, joto hupotelea angani mara tu jua linapozama. Tofauti ya nyuzi 11 hadi 14 kati ya saa 9 alasiri na alfajiri ni jambo la kawaida.

Katikati ya mji hali ni nafuu kidogo kwa baridi, mbaya kidogo kwa joto. Zege na lami za Strip, ile barabara kuu ya hoteli na kasino, hufyonza joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Ukienda kilomita 20 nje ya mji jioni hiyohiyo utahisi baridi zaidi.

Kuna haja ya kubeba mwavuli?

Hapana. Mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 105 tu, na kila mmoja wa miezi hii mitatu kwa kawaida hupata chini ya milimita 10. Mwaka 2020 mji ulikaa siku 240 mfululizo bila mvua ya kupimika. Kama una jaketi jepesi lisilopitisha upepo na lenye kofia, linatosha. Tena litakufaa zaidi siku za upepo, ambazo ni nyingi kuliko za mvua.

Lakini mvua chache haimaanishi mvua salama. Soma swali la mafuriko ya ghafla chini kabla ya kwenda kwenye makorongo.

Utabiri wa huko unatumia farenhaiti. Nisomeje?

Toa 32, kisha gawa kwa 1.8. Kwa haraka: 50 ni nyuzi 10, 68 ni 20, 86 ni 30, 95 ni 35, na 104 ni 40. Tumia tovuti ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, weather.gov, na utafute sehemu halisi unayokwenda. Usitegemee utabiri wa “Las Vegas” kwa safari ya mlimani, maana huo ni wa bondeni.

Wiki ipi ni bora kuliko zote?

Kwa anayetaka kutembea mjini na pia kwenda nje, nusu ya pili ya Oktoba haina mpinzani. Mchana ni nyuzi 23 hadi 27, jioni inahitaji sweta tu, na msimu wa ngurumo umekwisha. Anayekuja hasa kwa ajili ya bwawa la kuogelea achague Septemba, halafu akubali kwamba kutembea saa 8 mchana hakutawezekana kwa raha.

## Nguo na viatu

Nifungashe nini kwa siku 4 za Oktoba?

Hesabu inayotosha bila kujaza begi ni hii:

- fulana au mashati mepesi 4, moja liwe la mikono mirefu
- suruali 2 na kaptura au sketi 1
- sweta 1 nyepesi na jaketi 1 la kukinga upepo
- viatu jozi 2
- soksi jozi 5 na nguo za ndani 5
- nguo ya kuogelea 1, kofia yenye ukingo mpana, miwani ya jua
- vazi 1 la heshima la usiku, kama utakwenda kwenye maonyesho au klabu

Safiri umevaa kile kilicho kizito: vaa jaketi na viatu vikubwa kwenye ndege. Hewa kavu pia inakusaidia, kwani fulana ukiifua kwa mkono jioni na kuitundika bafuni, asubuhi iko tayari. Ndiyo maana fulana 4 zinatosha hata kwa siku 7.

Na kama ni Septemba au Novemba?

Septemba: badilisha suruali moja iwe kaptura, acha jaketi, lakini *usiache sweta* (sababu iko kwenye jibu linalofuata). Ongeza fulana mbili, maana utabadilisha mara mbili kwa siku. Pamba nyepesi au kitani vinafaa mjini. Kwa kupanda milima chagua kitambaa cha michezo kinachokauka haraka.

Novemba: toa kaptura, weka jaketi lenye manyoya au pamba ndani, skafu, na kofia ya sufu kwa asubuhi. Nguo tatu nyepesi zikivaliwa moja juu ya nyingine zinafaa kuliko koti moja zito, kwa sababu saa 2 asubuhi ni nyuzi 9, saa 8 mchana ni 19 na jua linawaka, na usiku unarudi kulekule. Koti zito utalibeba mkononi nusu ya siku.

Nje ni nyuzi 35. Sweta ya nini?

Ya ndani. Hoteli, kasino, kumbi za maonyesho na mikahawa huwashwa viyoyozi kwa nguvu, na ndani mara nyingi ni nyuzi 20 hadi 22. Ukiingia na jasho mgongoni kutoka kwenye joto la 35, mwili hupoa ghafla, na ukikaa kwenye kiti saa mbili ukitazama onyesho utatetemeka. Mtandio mkubwa au sweta inayokunjika ndani ya mkoba inatosha. Kosa tunaloliona zaidi ya yote mwezi Septemba ni hili, wala si kusahau mafuta ya jua.

Viatu gani?

Raba ulizokwisha kuzizoea, basi. Strip ina urefu wa takriban kilomita 6.8, na majengo ni makubwa kiasi kwamba hoteli inayoonekana ya jirani inaweza kuwa mwendo wa dakika 20. Sehemu nyingi huwezi kuvuka barabara chini. Unapanda daraja la waenda kwa miguu, unashuka upande wa pili, mara nyingine ukipita ndani ya kasino. Kilomita 10 kwa siku zinatimia bila wewe kukusudia. (Na usisimame juu ya madaraja hayo kupiga picha. Tangu 2024 kuna sheria ya kaunti inayokataza kusimama hapo.)

Viatu vipya vilivyonunuliwa kwa ajili ya safari ndivyo vinavyoleta malengelenge. Vaa angalau wiki mbili nyumbani kwanza. Kandambili ziishie kwenye bwawa: lami ya mchana wa Septemba inachoma, na vumbi kavu hupasua visigino.

Nguo ndefu za kujistiri zitanitesa?

Hapana, mradi kitambaa ni chepesi, kipana na cha rangi isiyokoza. Kitambaa kinachopwaya huacha hewa ipite na huzuia jua lisifike kwenye ngozi, jambo linalopunguza hata kiasi cha mafuta ya jua unachohitaji. Kinachotesa ni nguo ya kubana ya nailoni. Kwenye hewa kavu hiyo pia hukusanya umeme tuli, na utashtuka kidogo kila ukigusa kitasa cha mlango.

Kuna masharti ya mavazi usiku?

Kwenye kasino, hapana. Watu huingia na kaptura. Klabu za usiku na baadhi ya mikahawa mikubwa ni habari nyingine. Wanaume kwa kawaida hudaiwa shati lenye kola, suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole, na hukataliwa wakiwa na kaptura, nguo za michezo au kandambili. Kila mahali pana kanuni zake, basi soma ukurasa wa mahali husika siku unayonunua tiketi.

Mabwawa huwa wazi hadi lini?

Septemba karibu yote yako wazi. Kuelekea mwisho wa Oktoba hoteli nyingi hufunga baadhi ya mabwawa au kupunguza saa, na zinazobaki wazi Novemba kwa kawaida ni zenye maji ya kupashwa moto. Kama bwawa ndilo sababu ya kuchagua hoteli, waulize wao wenyewe tarehe kabla ya kulipa. Novemba kutoka majini ni baridi kuliko kuingia, kwani maji hukauka mwilini haraka. Kaa na taulo karibu.

## Ngozi, maji na dawa

Mafuta ya kujikinga na jua yanahitajika hata Novemba?

Ndiyo, ingawa jua la Novemba ni dogo kuliko la Septemba. Chukua yenye SPF 30 au zaidi, paka dakika 15 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili. Mwili mzima wa mtu mzima hutumia takriban mililita 30 kwa mpako mmoja, kwa hiyo ile chupa ya mililita 100 inayoruhusiwa kwenye begi la mkononi ni mipako mitatu tu. Nunua chupa kubwa ukifika, au iweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Usisahau masikio, nyuma ya shingo, na juu ya miguu kama umevaa viatu vya wazi.

Ninywe maji kiasi gani?

Mjini, beba chupa ya lita moja na uijaze kila upatapo nafasi. Ukipanda milima, hesabu nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kutembea kulingana na joto, na kwa siku nzima jangwani usiwe na chini ya lita 4 kwa mtu. Jasho hukauka kabla hujaliona, hivyo ngozi kavu si dalili kwamba hupotezi maji.

Maji matupu peke yake kwa saa nyingi pia yana madhara: chumvi mwilini hushuka, na dalili zake (kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa) hufanana na za joto kali. Kula kitu chenye chumvi, au beba pakiti 2 hadi 3 za chumvi za kuongeza maji mwilini.

Maji ya bomba ni salama. Mengi hutoka Ziwa Mead, na yana madini mengi, kwa hiyo ladha yake haiwapendezi wote na nywele hukakamaa. Uwanja wa ndege unaruhusu chupa tupu kupita ukaguzi, basi usiinunue ndani.

Pua inatoka damu na midomo inapasuka. Ni ugonjwa?

Mara nyingi ni ukavu tu, hasa siku mbili za kwanza. Paka mafuta ya mgando kidogo ndani ya pua kabla ya kulala na mafuta ya midomo mchana. Damu ikitoka, inamisha kichwa mbele (si nyuma), bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia kuangalia. Isipokoma baada ya dakika 20 hadi 30, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, tafuta daktari. Wanaovaa lenzi za macho wabebe matone na miwani ya akiba.

Dawa zangu nizihifadhije?

Kwenye begi la mkononi, ndani ya vifungashio vyake, na kamwe si ndani ya gari lililoegeshwa. Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 20 juu ya joto la nje ndani ya saa moja, kwa hiyo hata siku nzuri ya Oktoba yenye nyuzi 26 hufanya ndani kuwe 45 au zaidi. Insulini huharibika, na kopo la dawa ya pumu linaweza kupasuka. Mtoto au mnyama haachwi humo hata kwa dakika tano.

## Nje ya mji

Red Rock Canyon nijiandaeje?

Ni hifadhi ya miamba iliyo kilomita 27 hivi magharibi mwa Strip, juu kidogo kuliko mji, hivyo kuna upungufu wa nyuzi 2 hadi 4. Kubwa la kujua ni kwamba kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei, gari linaloingia kwenye barabara ya mandhari kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni huhitaji nafasi iliyowekwa mapema kwenye recreation.gov. Wikendi za Oktoba nafasi hujaa haraka. Barabara ni ya upande mmoja, kilomita 21. Ukipita kituo ulichokitaka unazunguka upya. Beba viatu vyenye nyayo za kushika, maana mchanga uliolala juu ya mwamba huteleza.

Mount Charleston ni baridi kiasi gani?

Toa nyuzi 10 hadi 15 kwenye joto la mjini. Kilele kina mita 3,632, na eneo la Kyle Canyon linalofikika kwa gari lina zaidi ya mita 2,000. Mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba majani ya miti ya aspeni hugeuka manjano, nao ndio wakati wa kwenda. Hapa ndipo jaketi ulilolibeba bure mjini linapokuwa na kazi. Novemba theluji inawezekana, na polisi wanaweza kudai minyororo au matairi ya theluji barabarani. Kampuni nyingi za kukodisha magari haziruhusu minyororo kwenye magari yao, kwa hiyo theluji ikitangazwa, ahirisha.

Death Valley na Grand Canyon kwa begi lilelile?

Kwa begi lilelile, ndiyo, lakini si kwa nguo zilezile. Bonde la Badwater, Death Valley, liko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na Oktoba bado mchana hufika 33 au 34. Septemba usitembee huko kwa miguu baada ya saa 4 asubuhi. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko kwenye mita 2,100 hivi, na usiku wa Novemba hushuka chini ya sifuri. Anayeunganisha hizo mbili ndani ya siku tatu anahitaji kaptura na glavu pamoja.

Mafuriko ya ghafla hutokea wakati gani?

Msimu wa ngurumo huhesabiwa kuanzia katikati ya Juni hadi 30 Septemba, ingawa dhoruba za Oktoba zipo. Ardhi ngumu haifyonzi maji, hivyo mvua ya dakika 30 kilomita 15 mbali nawe inaweza kuleta ukuta wa maji kwenye korongo ambalo juu yake anga ni samawati. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi humwangusha mtu, na sentimita 30 hubeba gari dogo. Simu ikileta ilani yenye neno “Watch”, hali inaruhusu mafuriko. Ikiwa “Warning”, yameanza au yako karibu. Usiingie korongoni, na ukiona maji yamekatisha barabara geuza gari.

Taa ya matairi imewaka asubuhi. Nimeharibu gari la watu?

Huenda ni baridi tu. Shinikizo la tairi hushuka kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6, na Novemba asubuhi ni baridi ya kutosha kuwasha taa. Pima kituo cha mafuta, ongeza hadi kipimo kilichoandikwa kwenye ukingo wa mlango wa dereva. Tairi moja ikiwa chini mno kuliko nyingine, hilo ni tobo.

## Mambo ya pembeni

Saa hubadilika lini?

Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa 8 usiku, saa hurudishwa nyuma hadi saa 7. Giza huwahi ghafla: mwanzoni mwa Oktoba jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni, mwishoni mwa Novemba ni karibu saa 10 na nusu. Safari ya kupanda mlima inayoanza saa 8 mchana, iliyokuwa salama Oktoba, inaishia gizani Novemba. Beba tochi ya kichwani.

Tena sehemu kubwa ya Arizona haibadilishi saa. Hadi mabadiliko hayo Nevada na Arizona huwa na saa zilezile. Baada yake, ukivuka Bwawa la Hoover unajikuta saa moja mbele. Watu hukosa ziara za Grand Canyon kwa sababu hiyo.

Plagi na chaja?

Umeme ni volti 120, plagi ya meno mawili bapa, wakati mwingine na la tatu la mviringo. Chaja za simu na kompyuta zilizoandikwa 100–240V zinahitaji adapta tu. Pasi au kikausha nywele cha volti 230 kiache nyumbani, hakitapata moto wa kutosha. Betri ya akiba lazima iwe kwenye begi la mkononi, isizidi Wh (wati-saa) 100.

Nina tiketi ya Allegiant Stadium. Mkoba upi?

Wa plastiki angavu, usiozidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30, au pochi ndogo ya ukubwa wa kiganja. Uwanja umefunikwa na una kiyoyozi, hivyo sweta inatosha hata Novemba.

Na mbio za Formula 1?

Hizo ni nje, usiku, mwezi Novemba, na unakaa saa nyingi bila kujongea. Vaa kama mtu anayekwenda mlimani: soksi nene, jaketi la kuzuia upepo juu ya sweta, kofia ya sufu, glavu. Kiti cha chuma hunyonya joto, kwa hiyo mto mwembamba wa kukalia unasaidia kuliko sweta ya tatu, kama kanuni za jukwaa lako zinauruhusu. Wiki hiyo barabara hufungwa na hoteli hupanda bei. Asiyekuja kwa ajili ya mbio achague wiki nyingine.